Je, Mchukuzi Ana Hatia Kama Mpigaji?



Mwaka jana, wakati wa kiangazi, watoto wa shule yetu hapa Chemba waligombana kwa ajili ya mpira wa matambara. Nyuma ya shule pana korongo ambalo miezi ile huwa kavu kabisa, wala hamna kitu ndani yake ila mchanga na mawe. Kijana mmoja mkubwa alisimama ukingoni akawa anarusha mawe. Mdogo wake kwa darasa, mtoto mwembamba asiyekuwa na ugomvi na mtu, alishuka korongoni akawa anaokota mawe, anayaweka ndani ya shati lake, anampelekea. Jiwe moja likampiga mtoto wa tatu jichoni. Jicho lile halioni tena.

Yule mkubwa hakukana. Lakini mdogo alisimama mbele yangu, shati bado limejaa mavumbi, akasema, "Mwalimu, mimi sikurusha hata moja." Mashahidi wote walisema vivyo hivyo. Mawe yaliyosalia ndani ya shati nikayatia katika kopo, nikaliweka juu ya meza yangu.

Wazee walipokaa barazani walikata shauri kwamba aliyeumizwa alipwe mbuzi sita, mbali na gharama za matibabu. Hapo ndipo maneno yalipozuka. Baba wa mrushaji alisema, "Mbuzi hao na tugawane, maana mwanangu hakuwa na mikono minne." Baba wa mwokotaji akasimama kwa hasira akajibu, "Mwanangu alikuwa punda tu. Punda akichukua magunia ya mwizi, ni nani amepata kumpeleka punda mahakamani?" Watu walicheka, maana hapa kwetu punda ndio watuleteao maji kila siku, na kila mtu amjua punda. Lakini wazee hawakucheka. Walinigeukia mimi, wakasema, "Mwalimu, wewe umesoma. Tuambie: aletaye na apigaye, ni mmoja au ni wawili?"

Naliomba siku tatu.

Mtu akihukumu jambo la jirani zake huona haya, naye huelemea upande bila kujua. Kwa hiyo nalitafuta mfano ulio mbali, usiogusa ukoo wa mtu ye yote wa Chemba, nipate kuupima kwa mizani iliyotulia. Nikaukumbuka ule wa merikebu za mafuta za Japani katika vita vya 1939 hadi 1945, ambazo habari zake nalikuwa nimezisoma zamani. Nalizichagua kwa sababu merikebu ya mafuta ni mchukuzi hasa. Haiundwi kwa kupiga, bali kwa kumbebea apigaye.

Nchi ya Japani haina mafuta ya ardhini ila kidogo mno. Zamani manowari zilichoma makaa ya mawe. Zilipoanza kuchoma mafuta, manowari isiyo na mafuta ikawa chuma kinachoelea tu. Kwa hiyo Wajapani waliunda merikebu kadha wa kadha za kuchukua mafuta katika miaka ya 1920. Mojawapo, jina lake Kamoi, waliagiza iundwe Marekani kwenyewe, katika mji wa Camden, mwaka 1922. Mafuta nayo yalitoka huko huko zaidi: hata kufikia mwaka 1941 karibu sehemu nne katika tano za mafuta ya Japani zilinunuliwa kwa Wamarekani. Merikebu zilikwenda California tupu, zikarudi zimejaa. Wauzaji walipata fedha, mabaharia walipata mshahara, wala hakuna aliyejiona kuwa anafanya neno baya.

Lakini katika miaka ya 1930 merikebu hizo zilianza kubadilika, na badiliko lenyewe ndilo lililonifanya nikae macho usiku kucha. Merikebu ya mafuta ya kawaida ya siku zile ilikwenda maili 10 au 12 za baharini kwa saa, na hayo yalitosha, maana mafuta hayaozi kama nyanya. Mwenye biashara hana haja ya mbio. Mashine kubwa hula fedha nyingi, na mteja wa mafuta halipi zaidi kwa sababu yamefika Jumatatu badala ya Alhamisi. Hata hivyo, kati ya mwaka 1934 na 1940, wenye merikebu wa Japani waliunda merikebu za mafuta zilizoweza kwenda maili 18 hadi 20 kwa saa. Nyingi ziliundwa Kobe katika karakana ya Kawasaki. Zilikuwa mali ya makampuni ya biashara, zilipeperusha bendera ya biashara, na mabaharia wake walikuwa watu wa biashara. Lakini serikali iliwasaidia kwa fedha wale waliounda merikebu zenye mwendo mkali. Kwa nini? Kwa kuwa kundi la manowari liendalo vitani huenda mbio, wala haliwezi kumngoja mchukuzi akokotaye miguu nyuma.

Basi, msomaji mwenzangu, tuseme merikebu imefungwa bandarini na nahodha wake aapa kwamba yeye ni mfanya biashara tu. Hatuna haja ya kubishana naye. Twende tukaitazame mashine yake. Aliyeiagiza alijua itamfuata nani.

Mwezi wa Agosti 1941 Wamarekani waliacha kuwauzia Wajapani mafuta. Wakati huo Japani ilikuwa imepigana na China miaka minne, tangu 1937, na ndege zilizoitupia mabomu miji ya China zilikuwa zikiruka kwa mafuta yaliyonunuliwa ng'ambo. Jambo hili watu hulipita upesi. Mimi silipiti, ila nitalirudia baadaye.

Tarehe 26 Novemba 1941 kundi la manowari za Japani, pamoja na manowari sita zibebazo ndege, liliondoka katika ghuba ya Hitokappu kwenye visiwa vya Kuril, likapita bahari ya kaskazini ambako merikebu za watu wengine hazipiti. Safari ilikuwa ndefu, na manowari nyingine matumbo yake yalikuwa madogo: zisingeweza kwenda na kurudi kwa mafuta zilizoanza nayo. Kwa hiyo ziliandamana na merikebu saba za mafuta: Kyokuto Maru, Kenyo Maru, Kokuyo Maru, Shinkoku Maru, Toho Maru, Nippon Maru na Toei Maru. Katikati ya bahari, mawimbi yakiwa makubwa, mipira ya mafuta ilitandazwa kutoka merikebu hata merikebu, na manowari zikanyonya kama ndama. Tarehe 7 Desemba ndege ziliruka zikaipiga bandari ya Pearl Harbor, nao Wamarekani 2,403 wakafa. Merikebu zile saba zilikuwa mbali sana. Mabaharia wake hawakusikia mlio wala hawakuona moshi. Kila mmoja wao angaliweza kusema kama mtoto yule, "Mimi sikurusha hata moja." Angalikuwa amesema kweli.

Lakini yatupasa kuuliza swali la pili, nalo ni hili: bila wao ingekuwaje? Jibu ni kwamba manowari zile zingaligeuka njiani, au zisingaliondoka kabisa. Basi jambo lililofanyika Pearl Harbor halikuwa kazi ya mkono mmoja, bali lilikuwa na mikono mingi, na mmoja wao ulishika mpira wa mafuta.

Asiwaze mtu kwamba hayo ni mambo ya bahari ya mbali. Mwezi wa Aprili 1942 manowari tano za ndege, katika zile sita, ziliingia katika Bahari ya Hindi, wachukuzi wao wakiwafuata tena. Tarehe 5 walipiga Colombo, tarehe 9 walipiga Trincomalee. Siku hiyo ya tarehe 9, mbali na manowari walizozizamisha, walizamisha pia merikebu mbili za mafuta za Waingereza, Athelstane na British Sergeant. Maana mpiganaji ajua sana thamani ya mchukuzi wa adui yake. Waingereza waliona Ceylon si mahali pa salama, na manowari zao zikaja kujificha kwetu, katika bandari ya Kilindini, Mombasa. Mwezi uliofuata vita vilikuwa vimefika katika mlango wa Msumbiji.

Hapo pana habari ya merikebu moja ambayo haijanitoka moyoni. Jina lake lilikuwa Genota, merikebu ya mafuta ya Waholanzi. Tarehe 9 Mei 1942, upande wa kusini mashariki wa Diego Suarez ya Madagaska, ilikamatwa na merikebu mbili za Wajapani, Hokoku Maru na Aikoku Maru, ambazo kazi yake ilikuwa kuwinda merikebu za biashara na tena kuzilisha nyambizi, yaani manowari zipitazo chini ya maji. Genota ilipelekwa Penang, ikapewa jina jipya la Ose, ikatumikia Wajapani mpaka ilipozamishwa na ndege za Wamarekani huko Palau tarehe 30 Machi 1944. Matangi yale yale na mashine ile ile: jana yalichukua kwa Mholanzi, leo kwa Mjapani. Chuma hakikuuliza. Kama kuna punda wa kweli katika habari hii, basi ni chuma kile.

Nyambizi zilizokuwa zikilishwa na zile merikebu mbili zilizamisha merikebu zaidi ya 20 katika mlango wa Msumbiji, mwezi wa Juni na Julai mwaka ule. Na miaka miwili baadaye likaja lililowauma zaidi watu wa Afrika ya Mashariki. Merikebu Khedive Ismail ilitoka Mombasa mwanzo wa Februari 1944 kwenda Ceylon, imechukua watu 1,511. Karibu 1,000 walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki pamoja na maofisa wao. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani iitwayo I-27 iliipiga kwa topido mbili, nayo ikazama kwa muda wa dakika mbili au tatu tu. Watu 1,297 walikufa. Hata leo wako wazee wasiojua ndugu za baba zao walilala wapi. I-27 nayo haikuzaliwa na mafuta tumboni. Yuko mtu aliyeyaleta Penang, akayamimina, akafunga mfuniko, akaenda kula wali.

Nilipofika hapo nalifikiri nimekwisha kupata jibu: mchukuzi ana hatia, basi. Lakini nalikumbuka mgongo mmoja ulio karibu nami, nikanyamaza.

Baba wa babu yangu alikuwa mpagazi katika vita vya 1914 hadi 1918. Wajerumani walimchukua kwanza. Kisha tarehe 19 Aprili 1916 jeshi la Jenerali van Deventer lilitwaa Kondoa Irangi, na mvua kubwa zikaifunga njia nyuma yao, magari yakazama katika tope. Von Lettow-Vorbeck alikuja kuwashambulia usiku wa tarehe 9 Mei akashindwa. Jeshi lile lilikaa likila kwa migongo ya watu mpaka liliposhuka kusini kupitia nchi hii yetu na kuuingia mji wa Dodoma mwishoni mwa Julai. Baba wa babu alikuwa katika msafara huo, safari hii akiwachukulia Waingereza. Mgongo mmoja, mabwana wawili, kama Genota. Alichukua magunia ya mtama na masanduku ya risasi, naye husemwa kwamba alijua masanduku kwa uzito wake hata gizani. Mwenzake alitua mzigo usiku mmoja akakimbilia porini. Yeye hakukimbia. Alipoulizwa na wajukuu sababu yake, alijibu kwamba aliwaogopa simba kuliko askari. Walicheka kila alipolisema hilo, lakini babu yangu aliniambia kwamba mwenyewe hakupata kucheka.

Na mtama ule ulitoka wapi? Ulitoka katika maghala ya watu wa nchi hii hii. Majeshi yote mawili yalikula nafaka na ng'ombe wa wenyeji, na baada yake ikaja ile njaa ya Ugogo iitwayo Mtunya, ambayo jina lake halijasahauliwa Dodoma mpaka leo. Wapagazi walikuwa wakichukua chakula cha mama zao kuwapelekea wageni wapigane.

Nimesimama mara nyingi mbele ya sanamu ya Askari mjini Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927. Maandishi yake yawakumbuka si askari peke yao bali na wapagazi pia, yakiwataja kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Nalikuwa nikilipenda neno hilo, kwa kuwa lampa heshima mtu ambaye wengine walimwona kama mnyama. Na kweli makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi na njaa, na makaburi yao hayajulikani. Lakini usiku ule nalilitazama upya. Kama mpagazi ni mkono wa jeshi wakati wa kupewa sifa, hawezi kuwa punda wakati wa kuulizwa habari ya damu. Hatuwezi kumfanya mtu wakati wa sifa, tukamfanya mnyama wakati wa lawama. Ama alikuwa mtu siku zote mbili, ama hakuwa mtu hata siku moja. Nami nachagua kwamba baba wa babu yangu alikuwa mtu, ijapokuwa uchaguzi huo wanigharimu kitu.

Tofauti yake na mwenye merikebu wa Kobe basi ni nini? Wengine watasema umbali: aliye karibu na pigo ana hatia kubwa, aliye mbali ana ndogo. Sikubali. Kwa kipimo hicho mpagazi wa Kondoa, aliyesikia risasi zikipita juu ya kichwa chake, angezidi hatia ya yule aliyeketi ofisini akatia sahihi ya kuundwa merikebu ya mbio. Mimi naona vipimo ni viwili: alijua nini, na je, aliweza kutua mzigo? Baba wa babu alijua. Kutua aliweza kidogo sana, kwa hatari ya bunduki nyuma na simba mbele. Na kile kidogo ndicho alichokifikiri mpaka kufa. Mwenye merikebu alijua yote, naye mlango wake ulikuwa wazi, ila hapo mlangoni palikuwa na fedha. Baharia wa Shinkoku Maru yu katikati: merikebu yake ilitwaliwa kwa amri pamoja na yeye mwenyewe, lakini aliona mipira ikielekea wapi. Na wale waliouza mafuta mpaka Agosti 1941? Walijua habari za China, magazeti yao yenyewe yaliziandika. Hakuna aliyewashikia bunduki. Nasema neno hili bila chuki, nikijua kwamba ndio hao hao waliopigwa baadaye.

Mtu mmoja aliniambia, "Mwalimu, ukienda hivyo utafika hata kwa mke wa mchimba mafuta aliyempikia mumewe." Ni kweli kwamba bomba ni refu. Lakini urefu wake si sababu ya kusema hakuna aliyelifungua.

Tena pana shimo jingine katika njia hii, nami karibu nilitumbukia. Ukisema mchukuzi ana hatia, mwenye nguvu atakujibu, "Vema, basi na auawe." Ndivyo ilivyokuwa. Siku ile ile ya Pearl Harbor Wamarekani walitoa amri kwamba nyambizi zao zizamishe kila merikebu ya Japani bila kuionya. Zile merikebu saba zilipotea zote, ya kwanza Januari 1943 na ya mwisho Septemba 1944; Nippon Maru na Kenyo Maru zilizama siku moja, tarehe 14 Januari 1944, na Shinkoku Maru imelala mpaka leo katika maji ya Truk. Wajapani waliunda nyingine kwa haraka, wakipunguza chuma na nguvu za mashine, maana haikutarajiwa kwamba zitaishi muda mrefu. Kazahaya ilimalizika mwaka 1943 na mwaka ule ule, mwezi wa Oktoba, ikazamishwa. Hayasui, ya mwaka 1944, ilipewa hata chombo cha kurushia ndege za vita, hata mchukuzi na mpigaji wakawa mwili mmoja. Nayo haikumaliza mwaka, ilizama mwezi wa Agosti. Mwishowe, mwaka 1945, mafuta ya Sumatra na Borneo hayakufika Japani tena. Na mabaharia? Zaidi ya 60,000 wa merikebu za biashara za Japani walikufa katika vita vile, na kwa kadiri ya hesabu yao walikufa wengi kuliko askari wa nchi kavu au wa manowari. Merikebu ya mafuta ikipigwa, bahari yenyewe huwaka. Mtu akijua kuogelea, huogelea motoni.

Sidhani kwamba baharia yule alistahili hayo. Kuuzuia mzigo ni haki. Sioni jinsi ambavyo Wamarekani wangaliweza kuuacha upite. Lakini kumhesabia mtu sehemu ya hatia si kumtia kuni. Mwezi wa Novemba 1942 merikebu ya mafuta ya Kiholanzi, Ondina, ilishambuliwa na zile zile Hokoku Maru na Aikoku Maru. Ondina ilikuwa na mzinga mmoja tu na makombora machache; pamoja na manowari ndogo iitwayo Bengal ilipigana nazo, na Hokoku Maru ikawaka ikapasuka. Aliyewahi kumteka mchukuzi mmoja alikutana na mchukuzi mwingine aliyejibu. Nasoma habari hiyo na moyo wangu hufurahi, sikatai. Kisha nasoma kwamba mabaharia wa Ondina walipokwisha kuingia katika mashua zao Wajapani waliwapiga risasi ndani ya mashua, na furaha yaniisha. Wale walikuwa wametua mzigo tayari.

Siku ya nne nalirudi barazani. Naliwaambia wazee kwamba mbuzi ni deni, na deni hugawanyika: watu wawili wakilipa, kila mmoja hulipa pungufu. Hatia si hivyo. Watu mia wakibeba gogo, kila mmoja huona wepesi. Lakini watu mia wakimuua mtu mmoja, hakuna aliyemuua sehemu ya mia. Kwa hiyo mbuzi na wagawe wapendavyo, ila wasinitake mimi niyagawe na yale mengine. Mzee mmoja alisema hayo ni maneno ya kitabuni. Mwingine akasema hapana, marehemu baba yake alikuwa akisema hivyo naye hakujua kusoma. Walibishana mpaka jua likaelekea kuchwa, wakakata shauri: mbuzi wanne kwa baba wa mrushaji, wawili kwa baba wa mwokotaji. Huyu wa pili aliondoka bila kuniaga, na mpaka sasa salamu zake kwangu ni fupi.

Hakujua kwamba asubuhi ile, kabla ya baraza, nalikuwa nimemwita mwanawe. Naliyamwaga mawe ya kopo juu ya meza. Yalikuwa tisa, yote ya duara, yote yalingana, kila moja kadiri ya yai la kuku. Korongo letu limejaa mawe ya namna zote, na yaliyo bapa ndiyo mengi. Nikamwuliza, "Mbona hukuokota hata bapa moja?"

Alinitazama kama mtu aulizwaye jambo lililo wazi. "Bapa haliendi moja kwa moja, Mwalimu," akasema.

Kisha alisikia alichokisema. Nalimwona akisikia. Nikafungua daftari la shule, nikaandika majina mawili.